Felisita, Mbwa Wake na Shimo la Itemelo

Nyoka wa kwanza ambaye Felisita Ndaki alimuua ndani ya Itemelo alikuwa swila, na alimuua kwa mchi wa kutwangia, kwa kuwa mchi ndio uliokuwa karibu. Alitumia mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa vipande viwili vya mbao na khanga iliyochanwa, maana shemeji yake alikuwa ameuvunja siku nne kabla, huko Mwandoya, mbele ya watu waliokuja msibani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mume wake, Mayige, alikuwa mfugaji. Alfajiri moja wezi wa ng'ombe walivamia zizi wakiwa na mishale na mapanga, na Mayige akatoka na mkuki, miguu mitupu. Mshale ulimwingia chini ya mbavu. Alikata roho jua likiwa limeshapanda, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Felisita, akiuliza kama yule ndama mweupe amepona. Hata matanga hayajaanuliwa, mdogo wake marehemu, Salu, akaja kumwambia Felisita kwamba mji ule sasa ni wake, ng'ombe ni wake, na yeye Felisita pia ni wake. Felisita alipokataa, Salu alimshika mkono akaukunja mpaka ukalia. Felisita hakupiga kelele. Alizunguka nyuma ya ghala, akarudi na mchi, akamtandika nao kwenye taya. Meno matatu yakadondoka vumbini. Wakati watu wanammwagia Salu maji ili azinduke, Felisita alikuwa njiani kurudi kwao, mchi begani. Hakuwa na mtoto wa kumrudisha nyuma. Wawili aliozaa walikuwa wamelala kaburini kabla ya baba yao.

Kwao ndiko huko Itemelo. Ukitoka Bariadi kuelekea Kasoli, kuna mahali unaiacha barabara na kushika njia ya mikokoteni katikati ya mashamba ya pamba. Mbele unaona mawe makubwa yamepandana, na nyuma ya mawe kuna mji usio na watu. Zamani ulikuwa mji kweli. Mtemi alikaa hapo na wake zake na ngoma zake. Wajerumani wakaja wakajenga boma la mawe juu ya kilima, ukuta mnene kiasi cha mtu kulala juu yake akajinyoosha. Wahindi wakafungua maduka saba kwa mstari mmoja, yenye baraza na nguzo. Mwisho kikaja kinu cha kuchambua pamba. Halafu visima vikakauka, barabara kubwa ikapitishwa kwingine, kinu kikafungwa, na watu wakahama mmoja mmoja wakibeba mabati na milango yao. Familia moja tu haikuhama, nayo ni ya mzee Ndaki, baba yake Felisita.

Mzee Ndaki alikuwa fundi wa mashine pale kinuni. Felisita akiwa na miaka tisa, alimpelekea baba yake uji wa mchana, akafika mkanda wa mashine ukiwa umeshauvuta mkono wa kulia wa baba yake. Uliishia katikati, kati ya kiwiko na kiganja. Kitu ambacho Felisita hakukisahau hakikuwa damu. Ni sauti ya msimamizi akiwaambia vibarua watoe pamba iliyoingia wekundu, waiweke pembeni, waendelee na kazi. Mzee Ndaki alipona, akaishi miaka mingi na mkono mmoja, na alipokufa alizikwa nyuma ya kinu kilekile, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Felisita aliporudi na mkono uliovunjika, baba alikuwa ameshafariki, nyumba ilikuwa ya udongo, paa limelegea, na mdogo wake wa kiume, Joakim, alikuwa ameshaenda kutafuta maisha migodini. Akaishi peke yake. Alilima pamba kidogo na mahindi, akafuga mbuzi wachache. Kule vijijini maneno yakaanza. Mwanamke aliyevunja taya la mwanamume. Mwanamke ambaye mume wake alikufa mikononi mwake. Analala peke yake kwenye magofu, kwa wafu, mwanamke gani huyo? Na kwetu huku maneno ya namna hiyo hayapiti hivi hivi. Yamewahi kuua watu. Felisita aliyajua, ndiyo maana alilala na panga chini ya mkeka.

Mbwa alimpata siku ya gulio. Wanaume watatu walikuwa wakimpiga mawe mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, wakisema amekula mayai. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavunjika. Felisita hakuwaomba. Aliokota jiwe akamrushia yule wa karibu, likampata begani, na wote watatu wakageuka wakiwa wamepigwa na butwaa.

"Mayu, mama wewe, una wazimu?" mmoja akauliza.

"Rusha tena uone wazimu wangu," akajibu.

Akamfunga yule mbwa kwenye khanga, akaenda naye. Akamwita Semeni. Kila aliyelisikia jina hilo alielewa anaambiwa nani: semeni mpaka mchoke.

Kuanzia hapo kila asubuhi walikuwa wakitembea mji. Mwanzoni ilikuwa kutafuta mbuzi waliopotelea magofuni, lakini baadaye walitembea hata kama mbuzi wote wapo. Semeni alitangulia, akichechemea kidogo. Alipita baraza za maduka saba moja baada ya nyingine, akinusa kila mlango usio na mlango, kisha akakata kushoto kupitia uwanja wa soko, akapanda ngazi za boma. Akisimama ghafla na manyoya ya mgongo yakasimama, Felisita naye husimama, kwa sababu mbele kuna nyoka. Kwa miaka yote hiyo waliua nyoka kumi na mmoja, na Semeni aliumwa na mmoja, akavimba uso siku sita, akapona.

Kwa kutembea hivyo Felisita akaujua mji kuliko watu waliozaliwa humo. Alijua duka lipi lina mwaka umechorwa juu ya dirisha, jiwe lipi la ukuta lina alama za risasi, katika kisima kipi walitupwa watu wawili walioiba ngoma ya mtemi. Mambo mengi alikuwa ameambiwa na baba yake wakati wa kuvuna pamba, na yaliyobaki aliyaona kwa macho.

Mtu wa kwanza kuliona hilo kuwa ni elimu alikuwa Mwalimu Flora, anayefundisha historia sekondari moja mjini Bariadi. Alikuja na wanafunzi arobaini, hawajui waanzie wapi, akamkuta mwanamke na mbwa wake wanashuka ngazi za boma.

"Shikamoo mama. Hapa kuna mtu wa kutuonyesha?"

"Marahaba. Mimi sijasoma, mwalimu."

"Mimi nimesoma, na sijui hata mlango uko wapi."

Basi Felisita akawaongoza. Semeni mbele, yeye nyuma yake, wanafunzi kwa mstari. Akawaonyesha nguzo ya chuma mbele ya boma, akawaambia Wajerumani waliwanyonga hapo watu sita kwa siku moja, kwa kosa la kuficha ng'ombe. Akawaambia pia kwamba kabla ya Wajerumani mtemi naye alikuwa na mahali pake pa kuulia watu, kule kwenye mawe, ili wasidhani ubaya uliletwa na wageni tu. Akawaonyesha kinu na mahali mkanda ulipokuwa. Wanafunzi wengine walilia. Mwalimu Flora akarudi mwaka uliofuata, na walimu wengine wakamfuata, hata ikawa Jumamosi za kiangazi Itemelo haikosi wageni. Na yale maneno ya vijijini yakapungua. Mwanamke anayeitwa "mama" na walimu ni vigumu kumwita mchawi.

Joakim alirudi Felisita akiwa na miaka hamsini na miwili. Alikuja kwa pikipiki mbili, yeye na wanaume watatu. Mmoja alikuwa mrefu, amevaa buti za mgodini na kofia ya kitambaa, akajitambulisha kwa jina la Elia. Wale wawili walikuwa vibarua. Walibeba sururu, machepe, mtalimbo, kamba, na mashine ya kupimia madini iliyofungwa kwenye blanketi.

"Mwangaluka, dada," Joakim akasema, na akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa utotoni.

"Mwangaluka. Miaka kumi na nne, Joakim."

"Maisha, dada."

Alikuwa amekonda. Felisita alimpikia ugali na kuku. Alifurahi, hilo lisifichwe. Alimwonyesha kaburi la baba yao, maana mazishi hakuyahudhuria. Joakim alilitazama muda mrefu mno, na Felisita akadhani ni uchungu.

Siku ya pili wakaanza kuchimba chini ya lango la boma. Felisita akaenda kuuliza.

"Tuna kibali," Elia akasema, akaonyesha karatasi bila kuifunua. "Wajerumani walipokimbia vita waliacha masanduku ya rupia hapa. Mashine imelia."

"Chini ya lango hilo kuna mwamba. Na ukuta umekaa juu ya huo udongo mnaouchimba. Utawaangukia."

"Mama, wewe kapike."

Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa ofisi itafuatilia. Wakaendelea kuchimba. Siku ya tano shimo lilikuwa na kina cha watu wawili kusimama, na hapakuwa na rupia hata moja. Siku hiyo Elia alikwenda kwa mganga wao, na aliporudi hakumtazama tena Felisita usoni. Alimtazama mbwa.

Jioni Joakim akaja mlangoni.

"Dada, huyu mbwa nipe."

"Wa nini?"

"Mali za zamani zina walinzi. Mganga amesema lazima apelekwe kiumbe anayejua njia zote za mji huu. Afukiwe pale mlangoni, ndipo mlango ufunguke."

"Afukiwe akiwa hai?"

Joakim akaitikia kwa kichwa.

"Toka kwangu," Felisita akasema. "Ungekuja na njaa ningekulisha mpaka nife. Lakini umekuja na hilo. Toka."

"Nina watu wananidai uhai, dada. Hujui nimepita wapi."

"Na mimi hujui nimepita wapi. Toka."

Alitoka. Kesho yake asubuhi, Felisita akiwa anakama mbuzi, hakumwona Semeni. Aliita mara mbili. Halafu akasikia mlio mmoja kutoka juu ya kilima, mlio mfupi uliokatika katikati kana kwamba mdomo umebanwa. Akaacha maziwa yamwagike, akachukua panga, akapanda ngazi za boma mbio kama msichana.

Alichokikuta ni hiki. Semeni alikuwa amefungwa miguu yote minne pamoja, mdomo umezungushiwa waya, ananing'inia kwenye kamba juu ya shimo. Joakim ndiye aliyemshika. Mbwa alikuwa amemzoea kwa kulishwa mifupa siku zile, akamfuata bila wasiwasi. Sasa Joakim alikuwa chini shimoni, mikono juu, anasubiri kumpokea. Vibarua wawili walishika kamba. Elia alisimama ukingoni ameshika chepe.

Felisita alimpiga kibarua wa kwanza sikioni kwa bapa la panga, akaanguka kifudifudi. Wa pili akaachia kamba akarudi nyuma, lakini Felisita alikuwa ameshaidaka. Uzito wa mbwa ukamvuta mpaka magoti yakachubuka kwenye mawe, akavuta kwa nguvu zake zote, akamtoa Semeni akamlaza ukingoni. Akainama kukata kamba za miguu. Ndipo chepe la Elia likamshukia mgongoni.

Pigo la kwanza lilimtoa pumzi. La pili lilivunja mbavu. Aliusikia mfupa ukikatika, mlio mkavu kabisa. La tatu lilimpata bega, na panga likamtoka mkononi. Alikuwa amebakiza kamba moja. Aliikata kwa meno, huku damu ikimjaa mdomoni, hajui kama ni yake au ya mbwa. Kisha akauzungusha ule waya wa mdomoni mara moja, mara mbili, ukaachia.

Semeni hakubweka. Aliruka akashika paja la Elia juu kidogo ya goti, akang'ang'ania. Elia alipiga ukelele uliosikika mpaka mashambani. Akampiga mbwa kwa ubapa wa chepe, hakuachia. Akageuza chepe akampiga kwa makali. Sikio la kushoto likakatika likaruka, jicho la upande huo likajaa damu, na mbwa hakuachia. Walizunguka hivyo ukingoni, mtu na mbwa, wakikanyaga udongo mlegevu uliorundikwa chini ya ukuta, na vibarua walikuwa wameshakimbia.

Ukuta ukaguna. Felisita alikuwa amelala chini, akausikia kwa mwili kabla ya kuusikia kwa masikio. "Joakim, panda!" akapiga kelele. Joakim alikuwa ameshashika ukingo kwa vidole. Elia alikuwa hatua moja kutoka pale. Alimwona, vidole vile vilikuwa mbele ya buti zake. Akamsukuma mbwa kwa mpini, akajichomoa nyama ikibaki, akapita juu ya vidole vya Joakim akakimbia. Kipande cha ukuta wa Wajerumani, mawe ambayo yalikuwa yamekaa pale zaidi ya miaka mia, kikaingia shimoni chote kwa mpigo mmoja.

Vumbi lilipotulia palikuwa kimya. Pikipiki ikawaka huko chini, ikaondoka. Halafu kutoka chini ya mawe ikaja sauti.

"Dada."

Felisita alikaa. Huo ndio ukweli, na mwenyewe haufichi. Alikaa na mbwa wake kichwa kikivuja damu mapajani, akaisikiliza sauti ile ikimwita mara ya pili na ya tatu, na moyoni akasema: mwache. Kisha akainuka kwa kujishikilia ukutani, akapiga mwano.

Mwano ni kelele ya hatari, na Msukuma akiusikia huacha jembe pale lilipo. Aliupiga mbavu zikimkata kila anapovuta pumzi. Upande wa mashambani mwingine akaupokea, na mwingine mbele yake. Akashuka ukingoni akaanza kutoa mawe kwa mikono. Semeni, jicho moja limefumba, akashuka naye akafukua pembeni yake. Huyo mbwa alifukua kwa ajili ya mtu aliyemfunga waya mdomoni. Mpaka leo Felisita hajui kama alielewa au alimwiga yeye tu.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walifika wakiwa zaidi ya thelathini, na mikuki, marungu na pinde. Kamanda wao, Mwandu, mwanamume mfupi mwenye sauti nzito, alitazama mara moja akaamuru watu washuke. Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Walimtoa Joakim akiwa hai, mguu wa kulia umesagika chini ya goti hata hauna umbo.

Wengine walikuwa wamekwenda kupekua hema la wachimbaji. Wakarudi na kiroba, wakakimwaga mbele ya watu. Ilikuwa mifupa ya binadamu. Fuvu, mbavu, na mfupa wa mkono wa kulia ulioishia katikati, mahali pa kukatika pamezibika na kuwa laini kama kifundo.

Felisita aliutambua kabla haujatulia chini.

"Hiyo ni ya nani?" Mwandu akauliza.

"Baba," akasema.

Joakim, kutoka pale alipolazwa, akasema, "Mganga alitaka mfupa wa mtu wa hapa, tukamfukua jana usiku. Elia alisema tungerudisha."

Umati ukanguruma. Kuna makosa ambayo sungusungu hupeleka kwa mwenyekiti, na kuna makosa ambayo humalizwa papo hapo, na kila aliyekuwepo alijua hili ni la aina gani. Kijana mmoja akapiga wa kwanza, kwa mpini wa mkuki, kwenye mguu uleule uliosagika. Mwingine akapiga mgongo. Joakim akalia sauti ya mbuzi anayechinjwa. Felisita aliona yote mawili na hakuwazuia. Alitaka wapige. Alitazama mfupa wa baba yake ukiwa vumbini na akataka wapige.

Mwandu akainua mkono, akamnyooshea Felisita rungu lake. "Aanze mwenye baba. Sisi tutamaliza."

Felisita akalipokea. Akamsimamia mdogo wake, ambaye yeye alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na ambaye alikuwa amemfukua baba yao na kutaka kumfukia mbwa wake. Akampiga begani mara moja, kwa nguvu zote alizobakiza. Mfupa wa bega ulivunjika. Kila mtu aliusikia.

Kisha akalitupa rungu shimoni.

"Nimemaliza," akasema.

"Mayu, bado," Mwandu akasema. "Huyu amefukua wafu."

"Amefukua wa kwangu. Wewe Mwandu umesema aanze mwenye baba. Baba huyu ni wangu, si wenu. Nimeanza, na mimi ndiye namaliza. Atakayempiga sasa anapiga kwa kosa lipi? Aniambie kosa lake."

Kijana mmoja nyuma hakungoja hoja. Alirusha jiwe, likampata Joakim mdomoni, likavunja meno. Semeni akageuka na jicho lake moja, akatoa ngurumo ndefu, akasimama kati ya umati na Felisita. Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua mbili. Mwandu akamtazama mbwa, akamtazama mwanamke ambaye damu ilikuwa ikimtiririka kutoka kidevuni, akapumua.

"Basi," akasema. "Leteni mkokoteni."

Joakim alikatwa mguu hospitalini siku hiyohiyo. Felisita alilazwa jengo la pili, mbavu tatu na bega. Semeni alishonwa na daktari wa mifugo aliyeitwa na Mwalimu Flora, jicho halikupona.

Na Elia? Alijificha siku tatu. Lakini jeraha la mbwa lilianza kumtia hofu, maana kila mtu anajua kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaanza. Akajitokeza kituo cha afya kimoja mbali na Bariadi kuomba sindano. Mhudumu akaona jeraha lilivyo, akamwambia kwanza alete fomu ya majeruhi, PF3, kutoka polisi. Akaenda polisi mwenyewe, kwa miguu yake, akisema ameumwa na mbwa wa mitaani. Askari wa zamu alikuwa na taarifa ya Mwandu mezani: mtu mrefu, buti za mgodini, jeraha la paja la kushoto. Hakutoka tena. Semeni alikuwa amechanjwa mwaka uleule, na Felisita alikuwa na kadi yake ndani ya Biblia. Angeuliza tu, angeambiwa hana haja ya sindano.

Mahakamani Elia alifungwa miaka kadhaa. Joakim alisema yote bila kuficha, akapewa kifungo kifupi, akakitumikia kwa magongo. Mzee Ndaki alizikwa mara ya pili nyuma ya kinu. Katekista alisoma sala, na wazee wawili wa ukoo wakafanya ya kwao pembeni, na hakuna aliyemgombeza mwenzake. Wanakijiji walilifukia shimo kwa mawe yaleyale ya ukuta.

Joakim alipotoka gerezani hakuwa na pa kwenda. Felisita alimjengea kibanda mwisho wa maduka ya Wahindi, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake, kwa sababu Semeni hakumruhusu kukaribia zaidi ya hapo. Alimpelekea chakula. Walisalimiana. Kwa miezi mingi hawakusema zaidi ya hayo, na hakuna kati yao aliyejaribu.

Hata siku moja ya kiangazi, Felisita na Semeni walipokuwa wakipita baraza za maduka asubuhi, Joakim alikuwa amesimama nje na magongo yake.

"Dada," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa, lakini mji huu sikuwahi kuutazama. Nilitazama chini tu, palipokuwa na kitu cha kuchukua. Nionyeshe."

Bega la Felisita lilikuwa bado likiuma wakati wa baridi, na alijua lake yeye Joakim nalo linauma, na alijua ni nani aliyelivunja.

"Kaa nyuma yangu," akasema. "Usimguse mbwa. Akisimama, na wewe simama."

Wakaanza kwenda. Semeni mbele, kichwa amekigeuza upande kidogo ili jicho lake zima lione, Felisita katikati, na Joakim nyuma, magongo yakigonga mawe. Walipita duka lenye mwaka uliochorwa, wakapita kisima, wakafika kwenye nguzo ya chuma. Felisita akamwambia majina ya watu sita walionyongwa pale, yale aliyoyapata kwa baba yao. La nne lilikuwa la babu wa baba yao.

"Hilo hukuniambia," Joakim akasema.

"Hukuuliza," Felisita akasema, akamwonyesha ngazi. "Ziko kumi na tisa. Pumzika ya kumi."